Bia Nyeusi na Hesabu ya 3.41

Nimekuwa kimya hapa bloguni kwa wiki kadhaa. Kazi ni nyingi, na foleni za Nairobi mnazijua wenyewe. Leo nimerudi na mada ambayo sijawahi kuigusa: bia. Nazungumzia zile nyeusi tii, nzito, zenye kilevi cha asilimia tisa, kumi, hata kumi na mbili, ambazo watu huzionja kwa glasi ndogo kama wanaopimiwa dawa, kisha wakazipa alama. Wasomaji wangu msiokunywa (najua mko wengi, hasa ndugu zangu wa pwani) msikimbie. Makala haya yana hesabu nyingi kuliko pombe.

Kisa chenyewe ni hiki. Nina rafiki tuliyekuwa naye chuoni. Mimi nilikuwa upande wa tarakilishi, yeye kemia. Siku hizi anafanya kazi katika kiwanda kidogo cha bia hapa mjini, vile vya mapipa machache ya chuma na wafanyakazi unaoweza kuwahesabu kwa vidole. Novemba 2024 walimruhusu apike bia yake mwenyewe, na akapika stauti ya asilimia 9, chupa ndogo za mililita 330. Akazipeleka katika baa moja inayouza bia za nje na za viwanda vidogo. Meneja hakufungua chupa. Alitoa simu, akatafuta jina la bia katika programu moja ya kutoa alama, akamwonyesha kioo: 3.41 kati ya 5. "Madam, sisi hatuchukui chupa iliyo chini ya tatu nukta tano."

Jioni hiyo alinitumia picha ya kioo na ujumbe mfupi: "Wewe si ndiye mtu wa data? Hii namba maana yake nini?"

Swali zuri. Lakini kabla ya namba, tuijue bia.

Shayiri hulowekwa mpaka ikaanza kuota, kisha ikakaushwa. Hicho ndicho kimea. Kimea cha kawaida kina rangi ya nyasi kavu na hutoa bia ya rangi ya dhahabu. Ukitaka bia nyeusi, unachukua sehemu ndogo ya nafaka, mara nyingi kama moja ya kumi, unaikaanga kwa joto la zaidi ya nyuzi 200 mpaka ifanane na buni iliyokaribia kuungua. Sehemu hiyo ndogo ndiyo inayotia rangi yote, na ndiyo inayoleta harufu ya kahawa na chokoleti ingawa hakuna kahawa wala chokoleti ndani. Ukiongeza kiasi cha kimea kwa maji yaleyale, sukari inakuwa nyingi, hamira inakula zaidi, kilevi kinapanda, na ile sukari ambayo hamira imeshindwa kuimaliza inabaki na kuipa bia uzito mdomoni. Ndiyo hiyo wanayoiita stauti ya kifalme.

Ufalme unaotajwa ni wa Urusi. Karne ya 18, kiwanda cha Southwark, London, kilichojulikana kwa jina la mwenyewe Henry Thrale, kilipeleka bia nyeusi kali mpaka huko. Mchoraji Joseph Farington aliandika katika shajara yake mwaka 1796 kwamba alikunywa bia ya kiwanda hicho iliyotengenezwa maalum kwa malkia wa Urusi, na kwamba aliambiwa inaweza kukaa miaka saba. Malkia mwenyewe, Catherine, alifariki mwaka huohuo.

Sisi Wakenya tusijifanye wageni katika ukoo huu. Guinness ya chupa tunayoijua, ile Foreign Extra, imetokana na bia ambayo kiwanda cha Dublin kiliiandika vitabuni mwaka 1801 kwa ajili ya soko la West Indies. Waliipa hopsi nyingi na kilevi zaidi ili istahimili safari ya bahari. Ya hapa kwetu ina asilimia 6.5, wakati ile ya bomba wanayokunywa Ireland ina kama 4.2 tu. Na lile swali la mhudumu wa baa za Kenya, "baridi ama moto?", ambalo wageni hulicheka, lina msingi. Bia nyeusi kali ikitoka kwenye friji ikiwa na barafu huwezi kunusa kitu. Wanaozijua husema ziachwe mpaka zifike nyuzi 12 hivi. Wazee wanaoagiza Guinness moto walijua kitu (ingawa moto wa Kisumu saa nane mchana ni hadithi nyingine).

Wamarekani nao waliongeza pipa. Sheria yao inataka wiski ya bourbon ikae katika mapipa mapya ya mwaloni yaliyochomwa ndani. Mapya kila mara. Basi kila mwaka kuna mapipa mengi yaliyotumika mara moja ambayo mwenye bourbon hayahitaji tena. Kiwanda cha Goose Island cha Chicago kilianza kulaza stauti ndani ya mapipa hayo miaka ya 1990, na kutoka hapo dunia nzima ikaiga. Mti uliochomwa hutoa harufu ya vanila, na bia huondoka na wiski kidogo.

Neno moja kuhusu ukali, kwa sababu sitaki mtu aniandikie kwamba nimempoteza. Tusker ya nusu lita yenye asilimia 4.2 ina mililita 21 za kilevi halisi. Kachupa ka mililita 330 kenye asilimia 12 kana mililita 39.6. Karibu Tusker mbili, katika kitu unachoweza kukimaliza ukiwa bado unasoma lebo. Ndiyo maana hizi huonjwa kwa glasi za mililita 60, na ndiyo maana zinagawanywa.

Haya, sasa namba.

Nilifungua ukurasa wa bia ya rafiki yangu. Walioipa alama walikuwa kumi na mmoja. Hizi hapa, kutoka juu kwenda chini:

4.25, 4, 4, 3.75, 3.75, 3.75, 3.5, 3.5, 3.25, 2.25, 1.5

Jumla 37.5, gawanya kwa 11, unapata 3.41. Hesabu ya programu iko sawa. Lakini ziangalie. Ukizipanga hivyo, ile ya katikati kabisa ni 3.75. Watu wanane kati ya kumi na mmoja wametoa 3.5 au zaidi. Na yule wa 1.5 ameacha maelezo, nayatafsiri: "Sipendi stauti." Ndugu yangu, kama hupendi stauti, nani alikutuma? Mwondoe huyo mmoja na wastani unakuwa 3.6, chupa zinaingia baa.

Kumwondoa mtu kwa sababu hujapenda alama yake ni wizi wa kura, kwa hiyo simwondoi. Swali langu ni lingine: watu kumi na mmoja wanatosha kutuambia nini?

Hapa ndipo kuna jambo ambalo lilinifurahisha sana, na sielewi kwa nini chuoni hatukuambiwa. Kila aliyesoma takwimu amekutana na kipimo cha t cha "Student". Mimi nilidhani Student ni jina la ukoo wa profesa fulani. Kumbe ni jina la bandia la mfanyakazi wa Guinness! William Sealy Gosset aliajiriwa na kiwanda cha Dublin mwaka 1899. Kazi yake ilikuwa ya vipimo vya shayiri, kimea na hopsi, na tatizo lake lilikuwa kwamba sampuli ni chache. Huwezi kupanda mashamba elfu moja ili kujua shayiri ipi ni bora. Una manne, una kumi. Hesabu za wakati huo zilidai sampuli nyingi. Gosset akakaa na tatizo hilo, akaenda London kusoma kwa muda katika maabara ya Karl Pearson, na mwaka 1908 akachapisha jibu katika jarida la Biometrika. Kiwanda hakikutaka wafanyakazi watangaze mambo yake kwa majina yao, ndiyo akatia sahihi "Student". Kwa maneno mengine, chombo cha kupimia ukweli wa namba ndogo kilizaliwa ndani ya kiwanda cha bia nyeusi.

Basi nikakitumia kwa bia nyeusi. Mtawanyiko wa alama zile kumi na moja ni 0.82. Ukifuata njia ya Gosset, wastani halisi (ule ambao ungeupata kama watu wengi sana wa aina hiyohiyo wangeonja) unaweza kuwa popote kati ya 2.86 na 3.96, kwa uhakika wa asilimia 95. Kati ya bia mbaya na bia nzuri sana. Meneja ameweka mstari wake 3.5, katikati ya ukungu huo, na akakataa chupa kwa pengo la 0.09.

Tovuti zenyewe zinajua tatizo hili. RateBeer, iliyoanza mwaka 2000, katika kupanga orodha zake za bia bora ilikuwa ikivuta bia yenye waonjaji wachache kuelekea wastani wa jumla, na kuiachia polepole kadiri alama zinavyoongezeka. Ni mbinu rahisi, mistari mitatu ya msimbo. (RateBeer yenyewe ilifungwa Februari 2025, baada ya kununuliwa na kampuni kubwa kuliko zote za bia duniani, AB InBev. Miaka ishirini na kitu ya maelezo ya watu. Nawasihi: kama mnaandika jambo lolote mnalolipenda ndani ya tovuti ya mtu, wekeni nakala kwenye faili yenu ya maandishi matupu.) Lakini baa inaangalia ile namba moja kubwa kwenye kioo.

Namba hizo zina nguvu kuliko tunavyodhani. Mwaka 2005 watumiaji wa RateBeer waliitaja Westvleteren 12 ya Ubelgiji, nyeusi, asilimia 10.2, kuwa bia bora duniani. Inatengenezwa na watawa wa monasteri ya Saint Sixtus kwa kiasi cha kuendeshea maisha yao. Magari yakajipanga barabarani, bia ikawaishia, na watawa wakakataa kuongeza hata pipa. Nimesoma juu yao na kuwaheshimu. Lakini wao walikuwa na uwezo wa kuipuuza namba. Mtu wa kiwanda kidogo cha Nairobi hana.

Kuna lingine. Ukifungua orodha za juu za tovuti hizi utakuta stauti za kifalme zimejazana. Je, ni kweli kwamba ndizo bia bora kuliko zote? Mimi naona sababu tatu, na ubora ni sehemu tu. Ya kwanza, atafutaye chupa ya shilingi elfu mbili na zaidi tayari anaipenda aina hiyo, wakati laga ya kawaida inapewa alama na kila mpita njia. Ya pili, anayeonja bia kumi kwa vijiglasi, ile kali na tamu ndiyo inayopiga kelele mdomoni, na ile tulivu ambayo ungekunywa mbili ukiwa na nyama choma inaonekana kama maji. Ya tatu ni uhaba. Ukipanda ndege na chupa moja ndani ya soksi, utaipa 3?

Nikamwambia rafiki yangu: namba yako haisemi kwamba bia ni mbaya. Akanijibu, "Na haisemi kwamba ni nzuri." Kweli. Ndiyo tukaamua tupime wenyewe.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ningependa mtu mwingine arudie jaribio hili, hata kwa chai au kahawa.

Tulikuwa na bia nne. Old Rasputin ya North Coast, California, asilimia 9, aliyoniletea binamu yangu. Rochefort 10 ya watawa wengine wa Ubelgiji, asilimia 11.3, ambayo si stauti lakini ni nyeusi na kali. Guinness ya dukani hapa mtaani. Na ya rafiki yangu. Bia nne, lakini glasi tano, kwa sababu ya rafiki yangu iliwekwa mara mbili na waonjaji hawakuambiwa. Vikombe havikuwa vya kioo, maana macho ni fitina: ukiona povu la rangi ya chokoleti umeshaanza kuongeza alama. Kila kikombe kilipewa namba ya tarakimu tatu isiyo na maana (ukiandika A na B, watu hudhani A ndiyo bora). Niliandika programu fupi ya kuchanganya mpangilio ili kila mtu apate mfuatano wake, kwa sababu bia ya kwanza hupendelewa na ya mwisho huonjwa na ulimi uliochoka. Kati ya vikombe: maji, na kipande cha ugali baridi. Vitabu vinasema biskuti zisizo na chumvi, lakini ugali unasafisha mdomo vizuri kuliko biskuti yoyote, na hauna ladha ya kubishana nao. Mimi niliyemimina sikutoa alama, kwa vile nilijua kilichomo. Na kuzungumza kulikatazwa. Mtu mmoja akiguna tu "mmh", meza nzima imeshaambukizwa.

Waonjaji walikuwa wanane: wafanyakazi wenzangu wanne, kaka yake rafiki yangu na mkewe, mpishi mmoja wa hoteli, na jirani yangu, mwalimu mstaafu ambaye mtaani tunamwita Mwalimu tu, mama mwenye ulimi mkali kwa maana zote mbili.

Wastani ulitoka hivi: Old Rasputin 4.19, Rochefort 3.91, Guinness 3.5. Na ya rafiki yangu? Kikombe kimoja 3.63, kingine 3.75. Bia ileile, meza ileile, saa ileile.

Sasa angalieni ndani. Nilichukua kila mwonjaji na kulinganisha alama zake mbili kwa bia hiyo moja. Mmoja tu alitoa alama sawa. Wengine walitofautiana na nafsi zao kwa 0.25, kwa 0.5, na bwana mmoja kwa 1.25! Kwa wastani, mtu alipishana na yeye mwenyewe kwa nusu alama nzima. Wala msiwacheke. Marekani, katika mashindano ya mvinyo ya California State Fair, Robert Hodgson aliwapa waamuzi wa kazi hiyo mvinyo uleule mara tatu bila wao kujua. Alipochapisha matokeo mwaka 2008, ilionekana kwamba ni kama mmoja katika kumi tu aliyeweza kukaa karibu na alama zake. Hao ni mabingwa. Sisi ni watu wa ugali baridi.

Kwa hiyo pengo la 0.09 ni dogo kuliko tofauti ya bia na yenyewe. Lakini pia, tuseme ukweli, watu saba kati ya wanane waliipa Old Rasputin alama za juu kuliko vikombe vyote viwili vya rafiki yangu. Hilo halina ukungu. Kuna kitu kilikuwa kinakosekana, na namba zisingeweza kusema ni kitu gani.

Maneno yalisema.

Karatasi ya kila mtu ilikuwa na nafasi ya kuandika ladha, na nilikuwa nimeomba jambo moja: kila mtu atumie kitu alichowahi kukila au kukinusa mwenyewe. Maelezo ya bia hizi mtandaoni yamejaa maneno ya kuazima. Licorice, treacle, tini zilizokaushwa kwa jua la Mediterania. Mtu anayanakili kwa sababu mwenzake ameyaandika. Mkenya anayeandika licorice aniambie aliionja wapi. Kiswahili chetu kina hazina ya ladha tusiyoitumia. Tuna uchungu, uchachu, ukali, tuna ukakasi. Tuna masizi ya chini ya sufuria, mahindi ya kuchoma yaliyosahaulika jikoni, kahawa tungu ya Mombasa, sukari nguru, ukwaju, ule moshi wa kibuyu katika mursik.

Matokeo yalinichekesha na kunifundisha. Mmoja aliandika "molasi" kuhusu Rochefort, kwa alama 3. Mpishi naye aliandika "molasi" kwa alama 4.5. Nilipouliza baadaye, wa kwanza amekulia Magharibi kwenye miwa, na kwake molasi ni chakula cha ng'ombe. Pua mbili zilinusa kitu kimoja na kutoa hukumu mbili. Wastani wao ni 3.75, namba ambayo haimwakilishi hata mmoja wao.

Lakini kwa bia ya rafiki yangu, watano kati ya wanane, bila kusemezana, waliandika maneno ya ukoo mmoja. "Ukakasi." "Inakausha mdomo." "Kama ndizi mbichi." "Ganda la komamanga." Na Mwalimu, ambaye alinirudishia kikombe mkononi kabla sijamaliza kukusanya karatasi: "Kijana wangu, hii ni chai ya majani iliyochemka mpaka mwenye nyumba akaisahau."

Rafiki yangu alisoma karatasi zote akiwa amesimama. Alipofika kwa Mwalimu alinyamaza, kisha akasema neno moja: "Maganda."

Akanieleza. Maganda ya nafaka yana tanini, kama majani ya chai. Ukisuuza kimea kwa maji ya moto kupita kiasi, juu ya nyuzi 77 au 78 hivi, au ukiendelea kusuuza mpaka maji yakawa mepesi na asidi yake ikapungua, tanini inatoka pamoja na sukari. Nafaka iliyokaangwa nayo ina ukakasi wake, ikikaa kwenye maji ya moto tangu mwanzo hadi mwisho. Yeye alikuwa ametafuta kila tone la sukari ili afike asilimia 9, akasuuza mpaka mwisho. Dawa yake anaijua: kimea zaidi, kusuuza kidogo, na ile shayiri nyeusi iingie dakika za mwisho tu, itoe rangi na harufu kisha itoke. Inaongeza gharama. Lakini sasa alijua anachonunua.

Alama kumi na moja kwenye simu hazikumwambia hilo, hata zile za 4. Ukurasa wake ulikuwa na maelezo matatu: "Tamu!", "Nyeusi kweli", na yule wa "sipendi stauti".

Alipika tena Juni 2025. Nimeionja ikiwa bado changa, moja kwa moja kutoka kwenye tangi, na ule ukavu wa mdomo umepungua sana. Kinachobaki nyuma ni kahawa tungu na kitu kama ganda la mkate wa boflo. Sitaipa namba. Inalazwa mpaka Desemba, chini ya jina lilelile, na kwa hiyo katika ukurasa uleule wa programu ileile, maana programu haijui kwamba ni pishi jipya.

Nimeangalia ukurasa huo asubuhi hii. Waonjaji sasa ni kumi na watatu. Wawili wapya wametoa 3.75 kila mmoja. Jumla 45, wastani 3.46. Meneja wa baa bado ana mstari wake. Nimepiga hesabu, najua mnaipiga pia: mtu mmoja akitoa 4, jumla inakuwa 49, gawanya kwa 14, ni 3.5 kamili.

Akaunti ninayo katika simu yangu. Rafiki yangu anajua ninayo, na hesabu ile anaijua kuniliko. Hajaniomba, nami sijabonyeza kitu. Desemba tutapeleka chupa mbili za pishi jipya kwa yule meneja, pamoja na vikombe visivyo vya kioo, na kipande cha ugali.